Dawa za presha na sukari kwa WhatsApp na basi: zikifika kijijini nani anazipokea?

Bonde la Ruhuhu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi famasi hapa Songea mjini. Siku hizi wateja wetu wengi hatuwajui sura. Tukifungua asubuhi, simu ya duka imeshajaa picha za maganda ya vidonge: amlodipini na losartani za presha, metformini ya sukari, karbamazepini ya kifafa. Chini ya picha maneno ni yale yale: "Hizi za mama, za mwezi mzima, mpe konda wa basi la Mbinga." Anayeagiza yuko Dar au Dodoma, pesa imeshaingia kwa simu, na mama mwenyewe yuko Lituhi, Liuli au ndani zaidi huko bondeni. Tunafunga kwenye boksi, tunaandika jina na namba kwa maka peni, konda anaondoka nalo. Lami ikiisha, bodaboda anamalizia.

Hiyo ndiyo famasi mtandao ya kijijini, wakuu. Naona mijadala mingi inagombania programu za simu za kuagizia dawa: ipi nzuri, ipi ina punguzo, ipi inakubali bima. Kuagiza kumeshakuwa rahisi. Hata mwenye kitochi anaagiza kupitia kwa mwanawe au kwa wakala wa pesa. Pagumu ni mwisho wa safari. Boksi likifika, nani analipokea? Anajua nini kuhusu huyo mgonjwa? Na nani amempima presha kabla hajaanza kumeza mwezi mwingine?

Kuna wanaouliza kwa nini mtu aagize Songea wakati zahanati iko kijijini. Jibu ni kwamba mwongozo wa matibabu wa taifa umeipa kila dawa ngazi yake. Zahanati ina zake, kituo cha afya zake, hospitali ya wilaya zake, mkoa zake. Mama akilazwa hospitali ya mkoa akaandikiwa dawa mbili za presha, akirudi kijijini anaweza kukuta moja haimo kabisa kwenye orodha ya zahanati. Muuguzi hajazembea, dawa haiagizwi ngazi ile. Mama atafanya nini? Apande basi kila mwezi kwa ajili ya vidonge thelathini, au aache. Wengi wanaacha, kwa sababu presha haiumi. Utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza, STEPS, wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wenye miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda, na kisukari takribani asilimia 9. Hao si watu wa Masaki peke yao.

Kwa hiyo sipingi boksi la basi. Limeokoa wengi. Ila niwaambie tunayoyaona.

La kwanza, maganda kubadilika. Amlodipini ya kiwanda hiki ni kidonge cheupe cha duara, ya kiwanda kingine ina rangi na umbo tofauti na jina la kibiashara limeandikwa kwa herufi kubwa. Mzee anapokea boksi jipya, la zamani bado lina vidonge, anaona ni dawa mbili tofauti, anakunywa zote. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka, jirani anasema amerogwa. Dukani kwetu dirishani ningemwonyesha kwa kidole: baba, hii ndiyo ile ile. Konda hawezi kumwonyesha.

La pili, picha ya ganda haina umri wala hali ya mtu. Losartani na enalaprili ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mama wa miaka 36 anatumiwa losartani na mumewe aliye machimboni, nani amemuuliza kama hajashika mimba? Metformini nayo inataka figo ziangaliwe mara kwa mara. Picha haisemi figo.

La tatu, mtu anameza mwaka mzima kipimo kile kile alichoanzishiwa na hakuna aliyemfunga mashine mkononi. Dawa anazo, presha bado 180.

Sasa ninachopendekeza. Serikali imeshaijua njia hii kwenye ARV. Mgonjwa wa VVU aliyetulia anapewa dawa za miezi 3, hata 6, haendi kliniki kila mwezi. Kwa nini mgonjwa wa presha aliyetulia ahangaike kila siku 30? Na Afrika Kusini wana mpango tangu mwaka 2014, CCMDD, wenyewe mtaani wanauita Dablap Meds. Mgonjwa aliyetulia anaandikiwa, dawa zinafungwa mahali pamoja kwa jina lake, zinatumwa kituo alichochagua karibu na kwake, anaitwa kwa ujumbe wa simu akachukue. Unabeba wa ARV, wa presha na wa kisukari, na umeshahudumia watu kwa mamilioni.

Sisi malighafi tunayo. Lori la MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, linafika hadi mlangoni mwa zahanati. Duka la Dawa Muhimu lipo karibu kila kata yenye gulio, na kwa taarifa yenu mpango wa maduka haya (DLDM) ulianzia hapa hapa Ruvuma mwaka 2003. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaongezwa, mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga zaidi ya 137,000. Boksi la mama lipite kwa mmoja wa hawa, lisiishie kwa bodaboda. Apimwe presha, iandikwe kwenye daftari, ndipo akabidhiwe. Namba ikiwa mbaya, picha irudi kwa daktari badala ya vidonge kwenda kimya kimya.

Naomba michango, hasa wenye wazazi kijijini na mlio kwenye vituo.

---

Mzawa wa Kitai

Mkuu umefungua mdomo mwenyewe. Dawa ya cheti unauza kwa picha ya ganda? Baraza la Famasi wakipita humu utaufuta uzi.

---

Bonde la Ruhuhu

Mzawa wa Kitai, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Dukani kwetu utaratibu ni kwamba mgonjwa anayeagiza mara ya kwanza lazima alete cheti cha daktari, picha ya cheti inakaa kwenye faili lake, na kila kikipita muda tunadai kipya. Asiye na cheti tunampigia simu tukamwelekeza akaonane na daktari. Tunapoteza wateja kwa hilo, wanahamia kwa jirani asiyeuliza. Ndiyo maana nasema mtu mmoja wa kupokea kule mwisho angesaidia kuliko kumlaumu mwenye duka peke yake. Na dawa zenye udhibiti maalumu, fenobabitoni na diazepamu, hizo kwa konda hazipandi. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni aje mwenyewe au ndugu yake aje na karatasi zote.

---

Sista Zahanati

Kaka asante kwa uzi, lakini umetugawia kazi bila kutuuliza 😀

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji, mkoa siutaji. Tuko wawili. Asubuhi kliniki ya watoto, kuna mama wa uchungu, kuna wa homa, kuna ripoti za mwezi. Halafu bodaboda anakuja na boksi: "Sista, hii ya bibi fulani, wamesema wewe utampa." Hatukuandikiwa popote kwamba tupokee. Likipotea nalipa mimi. Bibi akidhurika jina langu ndilo linatajwa.

Halafu insulini. Watu wanadhani zahanati ina friji basi insulini iko salama. Friji lile ni la chanjo. Maelekezo ya chanjo ni kwamba kisiwekwe kitu kingine humo, kila kufungua mlango joto linapanda na nina karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Mkaguzi wa mkoa akija akakuta chupa ya insulini pembeni ya chanjo ya surua, nitajieleza.

Lakini nikubaliane na wewe kwenye jambo moja. Wale wanaopokelea boksi kwangu presha zao nazijua. Wale wanaopokelea stendi nawaona siku wameletwa na kiharusi, mdomo umepinda.

---

Bonde la Ruhuhu

Sista, umenisaidia kusema vizuri kuliko mimi. Nikubali kwamba bila barua ya mganga mkuu wa wilaya na daftari la kupokelea, jambo hili ni kuwatwisha mzigo bure. Famasi inayotuma ilipie kitu kituoni kwa kila boksi, au halmashauri iweke kwenye utaratibu. Konda analipwa, bodaboda analipwa, wewe unayebeba hatari hulipwi. Hapo ndipo hesabu imekosewa.

---

Mama Wawili

Mimi ni mtoto wa mama mwenye kisukari, nipo Dar, mama yupo kijijini Kigoma. Naomba niongelee upande mwingine wa hii mitandao.

Mwaka jana niliona ukurasa wa mtandaoni, picha nzuri, shuhuda za watu, wanasema dawa yao ya mimea inamaliza kisukari siku 90 na wanatuma mkoa wowote. Sikununua mimi, alinunua kaka yangu kwa nia njema kabisa. Kifurushi kikafika mpaka kijijini haraka kuliko dawa za hospitali zinavyofikaga. Ndani kuna maelekezo: acha vidonge vyote vya hospitali ili dawa ifanye kazi. Mama akaacha metformini. Wiki chache baadaye anakojoa usiku kucha, amekonda, amelazwa na sukari ambayo mashine ilikuwa inaandika "HI" tu bila namba.

Amepona anaendelea. Lakini nauliza, wale wamesajiliwa na nani? Nilipowapigia wakanipa ofa ya dozi ya pili.

---

Kipanga wa Ziwa

Pole dada. Ndiyo maana mimi chochote kinachosema "inamaliza kisukari" nakipita kama kituo cha basi nisikoshuka.

---

Bonde la Ruhuhu

Mama Wawili, pole sana, na shukuru Mungu mlimuwahi. Mashine nyingi za sukari zikiandika HI maana yake sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, zaidi ya 33 kwa vipimo vyetu vya milimoli. Hapo ni hospitali, hakuna kusubiri asubuhi.

Kusajiliwa: dawa inasajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), duka na mfamasia wanasajiliwa na Baraza la Famasi, dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtu anayeuza dawa mtandaoni muulize vitu vitatu: duka lenu liko mtaa gani, mfamasia msimamizi ni nani, namba ya kibali ni ipi. Mwenye duka halali anajibu bila hasira. Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani dawa 1 kati ya 10 haina ubora au ni bandia. Boksi likishapita mikono minne huwezi kujua lilichafukia wapi.

---

Nyando Boy

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, upande wa Kisumu. Huku kwetu famasi za mtandao zimepewa utaratibu, Bodi ya Famasi na Sumu inazipa leseni, MYDAWA ni mfano mmoja unaojulikana. Lakini niseme ukweli: wanaofaidi zaidi ni wa mjini. Nairobi unaagiza unaletewa siku hiyo hiyo. Shosho aliye kijijini bado anategemea mjukuu.

Kitu ambacho kimesaidia kijijini ni wahudumu wa afya ya jamii, CHP. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba, zaidi ya watu 100,000 nchi nzima, na ndani ya mkoba kuna mashine ya presha na ya sukari. Anakuja hadi boma. Shida ni kwamba anakupima, anakuambia uko na presha, halafu dawa ufuate kituoni na kituoni zimeisha. Sasa nikisoma hapa naona nyinyi mko na boksi bila kipimo, sisi tuko na kipimo bila boksi.

Droni za kampuni ya Zipline pia ziko, kituo chao kiko Chemelil, lakini hizo zinapelekea vituo vya afya, haziangushi dawa kwa mlango wa mtu.

---

Kipanga wa Ziwa

Droni hata sisi tulijaribu. Ukerewe, 2018. Kampuni ya vifurushi ya DHL na Wajerumani wenzao, shirika la maendeleo la GIZ na watengeneza droni wa Wingcopter, walirusha dawa kutoka Mwanza kuvuka ziwa hadi kisiwani, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Kwa barabara na kivuko unapoteza hadi saa sita. Ikapigwa picha, ikatangazwa dunia nzima. Leo kamuulize mvuvi wa kule dawa yake ya presha inafika na nini, atakuonyesha boti.

---

Bonde la Ruhuhu

Sina ugomvi na droni, kwa damu ya mama anayetoka damu ni jambo kubwa, Rwanda walianza na damu tangu 2016 na wanaendelea. Lakini vidonge vya presha havina haraka ya dakika 40. Vinataka kufika kila miezi mitatu bila kukosa, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo ni kazi ya lori na daftari.

Nyando Boy, ile ya "boksi bila kipimo, kipimo bila boksi" nitaiiba.

---

Mjukuu wa Mbamba Bay

Wakuu swali la haraka. Babu anatumia insulini ya chupa, ile ya maziwamaziwa ya kuchanganya. Hana friji. Huwa naiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu naituma kwa basi. Ni sawa?

---

Bonde la Ruhuhu

Mkuu ACHA barafu ya moja kwa moja. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima usiitumie. Joto linaiharibu taratibu, barafu inaiharibu mara moja.

Fanya hivi. Kopo lenye kizuizi joto, vibarafu vya mfuko vizungushiwe gazeti au taulo nene, insulini ibaki kwenye boksi lake katikati, isiguse barafu. Mwambie konda isiende chini kwenye buti la mizigo upande wa injini, ikae naye juu. Tuma basi la asubuhi ili mtu aipokee mchana huo huo, isilale stendi.

Nyumbani kwa babu: chukua chungu kikubwa na kidogo, katikati jaza mchanga, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, chungu cha ndani kibaki kikavu, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa inayotumika iingie humo kwenye mfuko wa plastiki. Na usihofu kupita kiasi. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti mwaka 2021, walichukua vipimo vya joto vya nyumba za kambi ya Dagahaley kule Dadaab, wakaziweka insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, nguvu yake ikabaki kama ya zile za kwenye friji. Kwa hiyo chupa moja ya mwezi kwenye chungu, sawa. Akiba ya miezi mitatu kwenye chungu, hapana. Hiyo itafutiwe friji, na friji la kioski la soda linalozimwa usiku silo.

Akiizungusha mikononi ikibaki na mabonge au chembe zimeganda kwenye kioo, aitupe.

---

Sista Zahanati

Na asiitikise kama dawa ya kikohozi. Aivingirishe taratibu kati ya viganja. Nimewaona wanaitikisa.

---

Mzawa wa Kitai

Nimerudi. Nilikuja na mori lakini nimesoma mpaka hapa. Swali langu ni bima. Baba yangu ana CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita. Famasi yako inaipokea?

---

Bonde la Ruhuhu

Hapana mkuu, na hapa ndipo mgonjwa wa kijijini anapoumia mara mbili. CHF inamhudumia kwenye vituo vya serikali kwa ngazi zake. Dawa ikikosekana pale, kwangu analipa taslimu. Kwa hiyo boksi la basi ni la wenye mtoto mjini. Asiye na mtoto mjini haagizi, na huyo hamumuoni kwenye uzi huu wala mimi simuoni dukani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Kitita chake cha huduma kikitaja dawa za muda mrefu za magonjwa haya, zichukuliwe karibu na nyumbani kwa miezi mitatu mitatu, programu zitajijenga zenyewe.

---

Mama Wawili

Kaka, nina moja la mwisho. Mama sasa hivi wanamwandikia metformini ya mwezi, naomba miezi mitatu wananiambia utaratibu hauruhusu. Nifanyeje?

---

Bonde la Ruhuhu

Mwombe daktari wake, usimwombe muuza dawa. Aende kliniki na daftari lenye vipimo vya sukari vya wiki kadhaa, asubuhi kabla ya kula, namba na tarehe. Daktari akiona ametulia, figo zimepimwa na majibu yapo, anaweza kuandika muda mrefu na tarehe ya kurudi. Cheti kiwe na jina halisi la dawa, si la kibiashara, ili asichanganywe na maganda. Halafu piga picha cheti na ukurasa wa daftari, mtumie mfamasia mmoja unayemjua, kwa namba yake binafsi ya kazi. Usikiweke kwenye grupu la ukoo. Nimeona vyeti vya watu vinazunguka kwenye magrupu na ugonjwa umeandikwa wazi.

Ukituma, jina la kupokea liwe la mtu mwenye macho mazuri na anayekaa na mama. Vidonge vya zamani vihesabiwe siku boksi linapofunguliwa. Mkikuta vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa, nipigie kabla hujaagiza vingine, kwa sababu hapo tatizo la mama si usafiri.